Sauti Kabla ya Wimbo

Tunduma, Jumamosi mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, ungenitazama kwa lile jicho lako hadi nikae sawa. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya nyumba ya mama mdogo, maana ndani hakukaliki. Jirani amenunua sabufa mpya na anataka mtaa mzima ujue. Saluni ya mbele nayo ina muziki wake. Kule barabarani malori yamesimama foleni ya mpakani kama kawaida, madereva wamefungua milango, kila mmoja na redio yake, huyu Kiswahili, yule Kibemba. Ungekuwepo ungeziba masikio na kusema, "Hawa wote wamekosa mwalimu."

Nami leo namkosa mwalimu, baba. Sijala tangu asubuhi. Mama mdogo ananiambia nile, nikitazama ugali naona kama ananionea.

Ni hivi. Kwaya yetu ya Iyula imealikwa kwenye tamasha la kwaya hapa Tunduma, kesho baada ya ibada, uwanjani pale kanisani. Wameamua kuimba ule wimbo wako wa mvua ya kwanza. Haujaimbwa tangu siku tuliyokuzika. Unaujua utaratibu wa kwaya, wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza: wimbo wa mwalimu aliyetangulia unalazwa, na siku ukiamshwa, anayetoa sauti, anayewapa waimbaji nota zao za kuanzia, ni mtu wa nyumbani kwake. Sasa mtu wa nyumbani kwako ni nani? Kaka yuko Saza machimboni, na hata angekuwepo, unamjua, anaimba kama anaita ng'ombe warudi zizini. Mama alipoulizwa alisema "mimi siwezi" halafu akainuka kwenda kuangalia mboga ambayo haikuwa jikoni. Nimebaki mimi. Mimi Atu, ambaye nikisoma risala mbele ya darasa karatasi inatetemeka hadi wa kiti cha nyuma anaiona.

Elia, huyu kijana anayefundisha kwaya sasa, ni mtu mwema, usimkasirikie. Alisema tusihangaike, yeye atabonyeza kinanda, nota zitoke, watu waimbe. Baba Sekela wa besi alimwacha amalize, kisha akasema, "Kinanda kitafuata, mwanangu. Sauti ya kwanza ya wimbo ule itoke kwa mtu." Wazee wote wa besi wakaguna kukubali. Basi, nikafungwa kamba hivyo.

Nikitoa juu sana, soprano watakufa kwenye ubeti wa tatu, pale unapopanda. Nikitoa chini sana, besi watabaki wanachimba kisima. Na kwaya kutoka ng'ambo ya Zambia, kutoka Nakonde, zitakuwa zimekaa zinatutazama. Hawa watu wanaimba, baba! Hawajui kubahatisha.

Unakumbuka ile safari ya Vwawa, mimi nikiwa darasa la nne? Nililia hadi ukanipandisha kwenye Fuso pamoja na kwaya. Baridi ya Julai, tumejifunika vitenge juu ya sare. Tulipofika, wenzio walikimbilia kupanga mistari, wewe ukawa unapita kwa mmoja mmoja. "Umekunywa chai?" "Umelala vizuri?" "Kifua vipi?" Nilidhani unasalimia. Nikaona aibu kidogo, nikasema moyoni, baba naye anapoteza muda. Wakati wa kurudi ndipo uliponiambia, umenifunika koti lako linalonuka moshi na kahawa. Ulisema, "Nota ya do haikai kwenye kinanda, Atu. Do iko kwa yule aliyechoka kuliko wote. Mtafute huyo kwanza, ndipo utoe sauti."

Nilikuwa mtoto, nikacheka. Nikakuuliza leo alikuwa nani. Ukanionyesha kwa kidevu: Mama Sekela, amelala na mdomo wazi, ndala zimemtoka.

Tangu nilipokuja kusoma huku, sijawahi kukaa siku moja bila muziki, na nusu yake ni wewe. Asubuhi naamshwa na redio ya mama mdogo, kwaya za alfajiri, naye anazifuatisha akikosea maneno. Njiani kwenda shule napita kwenye maduka ya simu, kila duka limetoa spika nje, wimbo wa hapa haujaisha wa pale umeshaingia. Wauzaji wanawaita Wazambia, "Mulishani, mulishani," hamjambo ya kwao, wenyewe wanajibu huku wanacheza. Nina visikilizio vyangu, upande mmoja umekufa, nausikiliza muziki kwa sikio la kushoto na mwalimu kwa la kulia. Usigune. Kidato cha sita ni kigumu, bila hivyo ningekuwa nimesharudi Iyula kuchuma kahawa.

Unajua ninavyosoma Baiolojia? Nimeiingiza kwenye nyimbo zako. Safari ya chakula tumboni nimeiweka kwenye ule wimbo wa kumpokea bwana harusi. Mzunguko wa damu uko kwenye wimbo wa mavuno, damu chafu wanaimba besi, damu safi wanaimba soprano. Mwezi uliopita kwenye jaribio nilijisahau, nikawa navuma. Mwalimu akasimama nyuma yangu. "Wewe binti, hapa ni chumba cha mtihani au ni mazoezi ya kwaya?" Darasa zima likacheka. Nikapata alama nzuri, lakini tangu siku hiyo wananiita Kwaya. Hata mlinzi wa getini.

Na matamasha yale mengine nimekwenda pia, niseme tu. Witness, rafiki yangu tunayekaa dawati moja, alinivuta twende kwenye shoo ya msanii wa bongo fleva, pale uwanja wa mpira, mchana. Mama mdogo alituruhusu kwa masharti mengi. Watu walijaa hadi juu ya kuta. Msanii akatoka, miwani, moshi, vijana wakapiga kelele hadi nikaona nywele zinasimama. Akaimba vizuri mno. Halafu akanyoosha maiki kwa mashabiki waitikie, na sauti yake ikaendelea kuimba yenyewe! Nikamgeukia Witness: "We, nani anaimba?" Akaniambia, "Kwaya bwana, cheza, acha maswali." Nikacheza, kweli, nilifurahi. Lakini nilirudi nyumbani sijatosheka. Nilikuwa nimekwenda kumsikia mtu, nikasikia kilichokwisha kurekodiwa.

Labda ndipo hofu yangu ilipoanzia. Siku ile nilitamani kukusikia wewe. Nikaazima simu ya mama mdogo, nikafungua ile albamu tuliyorekodi Mbeya. Unakumbuka yule kijana wa studio? Alikata kila kitu kilichokuja kabla ya wimbo. Alikuambia kwa furaha, "Mwalimu, hizo kelele za mwanzo nimezitoa." Kelele za mwanzo zilikuwa ni wewe, ukitoa sauti. Kwenye albamu nzima wewe humo. Kwenye video umetupa mgongo, mikono inapanda na kushuka, shati limetoka kwenye suruali kwa nyuma. Simu yako ilikuwa kitochi, haikutunza hata neno. Kwaya nzima inasikika, watu wote uliowafundisha wanasikika, hata jogoo wa jirani na studio anasikika kwenye wimbo wa nne. Wewe husikiki popote.

Basi sauti yako iliyobaki iko kichwani mwangu tu, nayo inapungua. Hicho ndicho kinachonitisha, baba, siyo Wazambia.

Nakuona ukisimama. Unafumba jicho moja. Unawapa besi, kisha teno, kisha alto, kisha soprano, kila mmoja nota yake, kwa kuvuma, kama unawagawia kitu mkononi. Hapo nakusikia vizuri kabisa. Halafu, kabla hujapandisha mkono, ulikuwa unasema kitu. Neno dogo, chini chini, la wanakwaya tu, hata wa viti vya mbele hawakulisikia. Ulilisema kila mara. Mabega ya watu yalikuwa yanashuka ukishalisema.

Nimelisahau.

Nilidhani litarudi. Wiki mbili hizi nalitafuta kila mahali, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye mstari wa shule, nikiwa kwenye bajaji. Nimempigia Baba Sekela. Akafikiri weee, akasema, "Si alikuwa anakohoa tu?" Nimemuuliza dada mmoja wa soprano, akasema ulikuwa unasema "haya". Mwingine akasema hukuwahi kusema chochote, tena kwa ukali, kama namzulia marehemu. Mama sijamuuliza. Nikikutaja tu anainuka. Kila jambo linalokuhusu wewe linamkuta ana kazi ya haraka mahali pengine, na mimi sitaki kuwa mtoto anayemwinua mama yake kila mara.

Naogopa, baba. Naogopa kesho nitafungua mdomo mbele ya wale watu wote, nitoe nota zako nne, halafu nifike pale palipokuwa na lile neno, nikute patupu. Siku ile tulipokuzika niliweza kuvumilia, kwa sababu nilikuwa bado nakusikia. Kesho nikikosa, nitakuwa nimekuzika mara ya pili, tena peke yangu, kwa mkono wangu mwenyewe. Witness ananiambia, "Sema neno lolote, nani atajua?" Mimi nitajua.

Jirani amepunguza sabufa. Nadhani mke wake amerudi. Ngoja nikajaribu kula.


Jumatatu, baada ya vipindi

Baba, nimerudi. Sikuweza kuiacha barua ile iishie kwenye ugali.

Walifika na kosta, vumbi hadi kwenye kope, maana barabara ya kutokea kwetu unaijua. Mama alishuka wa mwisho, ameshika sare yake kwenye mfuko wa plastiki isikunjamane. Akanishika shavu, akasema, "Umekonda," basi. Akaenda kuvaa sare.

Kwaya ya Nakonde walitangulia mbele yetu. Walikuja wakicheza toka nje ya geti, kina mama wazito wanateleza kama wana magurudumu, besi zao zinatikisa turubai. Watu wakasimama, wengine wakapanda kwenye viti. Emsii akashindwa kuwakalisha. Nikamwambia Witness, "Mimi naenda nyumbani." Akanishika mkono. "Nenda, nitakutangaza kwenye spika."

Tukaitwa. Tukapanga mistari. Nikasimama pale unaposimama wewe, nimewapa watu mgongo, nawatazama wenzangu. Mama yuko alto, mstari wa pili. Nikafumba jicho moja, sijui kwa nini. Nikawapa besi nota yao.

Juu! Juu kabisa, baba. Niliiona kwanza kwenye koo la Baba Sekela, likipanda kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Nikaendelea, nikawapa teno, nikawapa alto, nikafika soprano, sauti yangu yenyewe ikakatika njiani. Mtu mmoja nyuma akacheka, siyo kwa ubaya, lakini nilimsikia. Fundi mitambo akadhani ni maiki, akaja kuigonga gonga. Elia akaweka kidole kwenye kinanda, ananitazama, anasubiri nitikise kichwa tu anisaidie.

Nilitaka kutikisa kichwa. Nakuambia ukweli, kidogo tu nitikise.

Lakini fundi alipokuwa anagonga maiki, sikuwa na mahali pa kuangalia ila kwa wanakwaya. Nikawaona. Sikuwa nimewaona tangu washuke kwenye gari, nilikuwa naona wimbo tu. Mama Sekela ametoa kiatu kimoja, anasimama juu ya mguu mmoja, ameshikilia bega la mwenzake. Walitoka Iyula giza bado liko. Wamekunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, wamekaa juani tangu ibada iishe, na mimi hata sikuwauliza kama kifua ni kizima. Nikamtazama Mama Sekela. Nikashuka, baba. Nikashuka hadi nikaona anaweza kufika bila kuvaa kile kiatu. Nikawapa upya, besi, teno, alto, soprano. Sikumbuki kilichofuata. Nakumbuka mkono wangu uko juu, halafu wimbo umeshaanza, umejaa, upo.

Uliimbwa vizuri. Ningependa nikusimulie zaidi, lakini ubeti wote wa kwanza sikuusikia, kwa sababu nilikuwa namtazama mama. Hakuimba. Alto wote midomo inafunguka, mama kafunga wa kwake, ananikodolea macho. Nikasema basi, nimewakosesha alto. Nimewapa nota mbaya, wenzake wanajikongoja, yeye kama mke wa mwalimu amekataa. Mikono ikaendelea yenyewe. Kwenye ubeti wa pili akaingia, na alipoingia aliimba hadi mshipa wa shingo ukasimama. Ubeti wa tatu, pale panapopanda, soprano walifika bila kupiga kelele. Wale kina mama wa Nakonde walisimama. Mmoja alikuja mbele akanifuta uso kwa kitambaa chake, akaniambia maneno mengi ya Kibemba, nikaitikia yote bila kuyaelewa.

Nilimtafuta mama. Nikamkuta nyuma ya kanisa, amekaa kwenye benchi na sahani ya wali mapajani, hajaigusa. Nikakaa.

"Mama, alto niliwakosea?"

"Hukukosea."

"Mbona ubeti wa kwanza hukuimba?"

"We Atu! Ulivyosema vile, ningeimbaje?"

"Nimesema nini?"

Akanigeukia, akanitazama kwanza kama namtania. Akaona sitanii. "Kwani hukujisikia? Umemaliza soprano, umefungua jicho, ukasema, 'Haya. Tusikimbie.'"

Haya. Tusikimbie.

Baba! Ndilo hilo. Nililisikia kwenye mdomo wa mama nikajua papo hapo, mabega yakanishuka hapo hapo kwenye benchi. Nikalia hadi kamasi. Nikangoja mama ainuke, akumbuke sufuria, akumbuke mfuko wake. Hakuinuka. Aliiweka sahani chini akanieleza kwamba ulilisema hata siku ya harusi yenu, mlangoni mwa kanisa, wapambe wanawasukuma. Na kwamba ulimwambia hivyo ndani ya gari siku tunakupeleka hospitali, dereva anakwenda mbio, wewe umelala mapajani kwake. Hilo sikulijua. Alilisema taratibu akiangalia magari yanavyogeuza uwanjani, kisha akasema, "Hebu sema tena nikusikie."

Nikasema. Akafumba macho. Akaniambia niseme tena.

Jioni nilimkimbilia Witness, maana alikuwa ameshika simu muda wote. Nikamwambia nionyeshe mwanzo. Unajua alichonijibu? "Nilianza mlipoanza kuimba, Kwaya. Kabla ya hapo hakukuwa na kitu." Nikamkumbuka yule kijana wa studio, nikacheka hadi akaniuliza kama nina homa. Kwa hiyo safari hii nayo haipo popote, baba. Ningeumia kama ingekuwa wiki iliyopita.

Jumatano tunaanza mtihani wa majaribio, Baiolojia ndiyo ya kwanza, na ugali umeanza tena kunishinda, sikudanganyi. Nitakuwa navuma, wanifukuze wakitaka. Mama amerudi Iyula na kosta. Alipopanda alinipungia dirishani, akasogeza midomo bila sauti, na sikuhitaji kuuliza alisema nini.

Lala salama, baba. Sisi wote tutakuja huko uliko. Ila hatukimbii.

Binti yako wa alto,
Atu